JAMBIANI, KIJIJI KISICHO NA MTO

Ndugu msomaji, huenda kijijini kwako upo mto, au bwawa, au kijito kinachopita nyuma ya mashamba. Asubuhi watoto huenda kuchota maji, na jioni ng'ombe huenda kunywa. Sasa fikiri kijiji ambacho hakina hata kimoja kati ya hivyo. Mvua ikinyesha, maji hayatiririki juu ya ardhi. Baada ya muda mfupi huoni hata dimbwi. Yamekwenda wapi?

Kijiji hicho ni Jambiani. Kiko pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja, kusini ya Paje na kaskazini ya Makunduchi. Ni kijiji kirefu na chembamba, kimejinyoosha pwani kama kamba iliyoanikwa. Kina shehia mbili, Kikadini na Kibigija. Mbele yake ni bahari. Nyuma yake ni maweni, yaani nchi ya mawe makali yenye udongo kidogo uliojificha ndani ya mashimo. Humo watu hupanda muhogo, kunde na mtama, pale jiwe linapowaruhusu.

Leo nataka kukueleza historia ya kijiji hiki. Utasema: hapa tunasoma mambo ya afya, historia inatafuta nini? Subiri kidogo. Historia ya Jambiani ni historia ya maji yake. Na maji hayo ndiyo yaliyonionyesha kosa kubwa nililofanya katika kazi yangu ya uganga. Kosa hilo nitalieleza, sitalificha.

JIWE LINALOKUNYWA MVUA

Wazee husimulia kwamba watu wa kwanza kufika pwani hii waliokota jambia mchangani, na kwa hiyo mahali pakaitwa Jambiani. Inawezekana. Lakini jambia halimfanyi mtu akae mahali na kujenga nyumba. Kinachomkalisha mtu ni maji.

Jiwe la Jambiani zamani lilikuwa chini ya bahari. Lilikuwa tumbawe lililo hai, kama yale ambayo wavuvi wanayaona hadi leo kwenye mwamba wa nje, pale mawimbi yanapovunjika. Bahari ikashuka. Tumbawe likabaki juu, likakauka, likawa jiwe. Ukilivunja utaona lina matundu matundu kama mkate wa kumimina. Tena lina nyufa, na nyufa nyingine ni pana kiasi cha kuwa mapango.

Basi mvua ya masika na ya vuli ikianguka juu ya jiwe hili, haikai. Inazama moja kwa moja. Inashuka mpaka inakutana na maji ya bahari, ambayo nayo yameingia chini ya kisiwa kupitia matundu hayo hayo. Je, maji matamu na maji ya chumvi yakikutana huko chini, inakuwaje?

Fanya jaribio nyumbani. Chukua bilauri ya maji. Mimina mafuta ya nazi kidogo, taratibu. Mafuta yataelea juu, kwa sababu ni mepesi kuliko maji. Maji ya mvua nayo ni mepesi kuliko maji ya bahari, kwa sababu hayana chumvi. Kwa hiyo yanaelea juu ya maji ya bahari, chini ya miguu yetu, kama mafuta kwenye bilauri. Tofauti ni moja tu. Mafuta na maji havichanganyiki hata ukikoroga. Maji matamu na maji ya chumvi yakikorogwa huchanganyika, na yakishachanganyika huwezi kuyatenga tena.

Ndiyo maana watu wanaochota katika visima vya pwani wanajua jambo ambalo mgeni hulistaajabia. Bahari ikijaa, maji ya kisima hupanda. Bahari ikitoka, maji ya kisima hushuka. Kisima kinapumua pamoja na bahari. Hakina ukuta wa kukitenga nayo.

Niseme na jema la jiwe hili. Kichocho, ule ugonjwa wa kukojoa damu, huenezwa na konokono wanaoishi katika mito na mabwawa. Pale pasipo na mto wala bwawa, konokono hao hawana pa kukaa. Hivyo ukame wa juu ya ardhi umetuepusha na adha ambayo ndugu zetu wa kaskazini na kati ya Unguja wamepambana nayo miaka mingi. Mungu hakunyimi vyote.

WATU WA PANGONI

Nyuma ya Jambiani, ndani ya maweni, liko pango linaloitwa Kuumbi. Watu wa kijiji wanaliheshimu kama mahali pa mizimu. Mwaka 2005 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliongoza uchimbaji ndani ya pango hilo kutafuta habari za watu wa kale. Mwaka 2012 watafiti wengine wakachimba tena. Hawakukubaliana katika kila jambo, hasa juu ya kama watu wa zamani sana wa pangoni walifuga wanyama. Lakini wote waliona kwamba watu waliishi humo zamani mno.

Walikuwemo zaidi ya miaka 17,000 iliyopita. Walitumia zana za mawe. Walikula nyama ya nyati na ya punda milia, kwani mifupa yao imepatikana pangoni. Punda milia Unguja! Utauliza walivukaje bahari. Hawakuvuka. Siku hizo maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda kuwa barafu katika nchi za baridi, na bahari ilikuwa chini sana kuliko leo. Unguja ilikuwa imeungana na bara. Mnyama angeweza kutembea kutoka Bagamoyo mpaka Jambiani bila kulowa kwato.

Kisha barafu ikayeyuka, bahari ikapanda, Unguja ikawa kisiwa. Punda milia na nyati wakatoweka kisiwani. Pango nalo likaachwa kwa maelfu ya miaka. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita watu walirudi tena, safari hii wakiwa na vyungu vya udongo na vyombo vya chuma.

Mimi si mchimbaji wa mambo ya kale. Lakini nikisoma habari hizi najiuliza swali la mganga: walikunywa nini? Katika nchi ya jiwe kavu, mtu hapati maji juu ya ardhi. Huyapata pale jiwe lilipopasuka, akashuka kuyafuata. Jambiani kuna pango jingine, Kuza, ambalo ndani yake kuna maji maangavu mpaka leo. Ukishuka humo unatoka juani na kuingia kivulini, na unayaona maji yametulia chini ya mwamba. Kwa mtu mwenye kiu, pango la namna hiyo ni chemchemi.

VISIMA NA WENYEWE

Kijiji kilipojengwa pwani, watu hawakuweza kwenda pangoni kila wakitaka kupika. Wakachimba visima. Katika jiwe kazi hiyo si ndogo. Kilichochimbwa kwa taabu namna hiyo hakiachwi bila kanuni. Katika miji ya Wahadimu, kusini na mashariki ya Unguja, mambo ya kila mji yalikuwa mikononi mwa wazee walioitwa Watu Wanne. Hao waliamua nani alime wapi na nani ajenge wapi.

Bibi mmoja wa kijijini, mwenye umri unaozidi wa bibi yangu mzaa mama, alinieleza mambo ya kisima cha utotoni mwake. Kwanza nilimwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu, kaa." Alikuwa anapiga usumba kwa gongo, nyuzi zimemjaa mapajani. Alisema siku hizo kisima kilikuwa na kata moja na kamba moja. Hakuna aliyeruhusiwa kutia chombo chake ndani. Hakuna aliyefulia karibu. Mtoto aliyepanda ukingoni na miguu michafu alichapwa na mtu mzima yeyote aliyemwona, na akifika nyumbani akachapwa tena.

"Kisima ni kama chungu cha ugali," aliniambia. "Nani atakanyaga chungu cha ugali?"

Lakini tusiwasifu wazee kupita kiasi. Kisima walikitunza, choo wengi hawakuwa nacho. Watu walikwenda pwani au vichakani. Bahari iliondoa baadhi ya uchafu, kweli, lakini safura na minyoo mingine vilikaa matumboni mwa watoto. Minyoo ya safura huingia mwilini kupitia nyayo za miguu mitupu. Hivyo serikali na waganga walipohimiza kila nyumba iwe na choo, walifanya jambo la haki. Huko Tanzania Bara mwaka 1973 ilifanyika kampeni kubwa ya redio na madarasa ya watu wazima iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walishiriki, na vyoo vingi vilichimbwa. Fundisho lilikuwa rahisi kulikumbuka: chimba choo, chimba shimo refu.

Fundisho hilo ni zuri penye udongo. Lishike vizuri, maana tutalirudia.

MARADHI YANAYOSAFIRI KWA MAJI

Zanzibar imeonja kipindupindu mara nyingi. Mwaka 1869 na 1870 kiliua watu maelfu. Alikuwako mjini daktari wa Kiskoti, James Christie, ambaye baadaye, mwaka 1876, alitoa kitabu kizima juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki. Kabla ya hapo, mwaka 1854, daktari mwingine aitwaye John Snow alikuwa ameonyesha huko London kwamba waliokufa kwa kipindupindu katika mtaa mmoja walikuwa wamekunywa maji ya pampu moja. Pampu ile ilikuwa imeingiliwa na uchafu wa choo kilichokuwa karibu.

Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alileta maji mjini Zanzibar kwa mifereji kutoka chemchemi za kaskazini ya mji. Watu wa mjini wakapata maji yaliyotoka mbali na vyoo vyao. Watu wa shamba tukabaki na visima vyetu.

Mwaka 1978 kipindupindu kilizuka tena Zanzibar, kikianzia katika kijiji cha wavuvi. Watu 411 waliugua na 51 wakafa. Piga hesabu: kila wagonjwa wanane, mmoja alikufa. Mwaka 2015 na 2016 kikaja tena, na safari hii waliougua walikuwa maelfu. Ugonjwa huu hauna haja ya kupanda chombo. Mtu mmoja anaharisha, kinyesi chake kinafika kwenye maji, na wengine wanayanywa.

KOSA LANGU

Sasa nifike kwenye jambo langu.

Nilikuwa nimemaliza chuo si muda mrefu. Nilikuwa na cheti, na nilikuwa na uhakika wa kila kitu, kama wawavyo vijana wenye cheti. Mtu mmoja kijijini alikuwa anajenga nyumba, akaniita nimwonyeshe mahali pa choo. Nilifurahi. Ni wangapi wanaomwita mganga kabla hawajaugua? Nilipima kwa hatua kutoka kisima cha karibu. Tulifundishwa kwamba choo kiwe mbali na kisima mita 30 au zaidi, yaani kama hatua 40 za mtu mzima. Hapa zilikuwa hatua 50. Nikasema, vyema. Chimba hapa, na uchimbe kwenda chini sana.

Yule bibi wa usumba alikuwa akipita na dumu lake kutoka kisimani. Akasimama, akatazama, akasema, "Mjukuu wangu, jiwe hili halina chini. Utakachokitia huku kitatokea kule."

Nikamjibu kwa adabu, lakini kwa kiburi ndani yake, "Usihofu bibi, tumepima."

Siku ya tatu ya kuchimba, mtaimbo ulimponyoka fundi ukazama katika ufa. Hawakuuona tena. Wakaangusha jiwe, wakasikia likigonga huku na huku likienda chini. Fundi alifurahi sana. Alisema, "Bahati iliyoje! Choo hiki hakitajaa maisha."

Nami nilicheka pamoja naye. Leo nikikumbuka kicheko hicho naona haya. Choo kisichojaa ni choo kinachovuja. Kama kinyesi cha nyumba nzima hakikai shimoni, basi kinakwenda mahali. Na chini ya Jambiani mahali pa kwenda ni pamoja tu, kwenye yale maji matamu yanayoelea. Penye udongo au mchanga mzuri, maji machafu hupita polepole, na udongo huyachuja kama kitambaa kinavyochuja tui. Vijidudu vingi hufia njiani. Penye jiwe la nyufa hakuna kitambaa. Maji hupita kama yanavyopita kwenye mfereji. Hatua 50, hatua 100, hayajali.

Ikaja masika. Ndani ya siku tisa niliwapokea watoto saba wanaoharisha. Watoto huharisha kila masika, kwa hiyo siku za kwanza sikushtuka. Wa saba alikuwa mtoto wa kike wa mwaka mmoja na nusu. Mama yake alimleta usiku, amemfunga kanga mgongoni. Nilipomshusha, macho yalikuwa yamezama ndani. Nilibana ngozi ya tumbo lake, na ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Alikuwa halii. Mtoto anayeharisha akinyamaza kimya, msomaji, usiseme amepumzika. Ameishiwa maji.

Tulimpa maji ya chumvi na sukari kijiko kimoja kimoja, huku tukitafuta gari la kumpeleka hospitali. Gari lilichelewa. Mama alikuwa anamnywesha, mimi nahesabu vijiko, na kila alipotapika tulisubiri kidogo tukaanza upya. Hospitali walimtia maji ya mshipa. Alfajiri alilia, na machozi yakatoka. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto namna ile.

Niliporudi nilikaa na daftari langu. Wale watoto saba walitoka nyumba tano, na nyumba zote tano zilichota kisima kimoja. Ni kile cha hatua 50. Maji yalipopelekwa kupimwa, yalikutwa na vijidudu vya kinyesi.

Nilikwenda kwa bibi kumwambia kwamba alikuwa na haki. Hakunisimanga. Aliuliza tu, "Mtoto amepona?" Nikasema amepona. Akasema, "Basi mwambie mwenye choo, usiniambie mimi."

CHOO CHA NCHI YA MAWE

Nilimwambia mwenye choo, na nilimwambia kwamba aliyekosea ni mimi. Alikasirika, na alikuwa na haki, kwani fedha zake zilikwisha kuzikwa shimoni. Baadaye tulikubaliana. Shimo la zamani likafungwa. Kikajengwa choo kilichoinuliwa juu ya ardhi, unapanda ngazi tatu kuingia. Chini yake ni karo la matofali lililopigwa saruji pande zote hata chini, lisivuje. Karo hilo linajaa. Ndiyo! Likijaa linafunguliwa na kuondolewa uchafu. Ni taabu na ni gharama, lakini uchafu wako unajua ulipo.

Basi, msomaji wa nchi ya mawe, iwe ni Jambiani, Makunduchi, au popote pwani penye jiwe la matumbawe, usitafute kwenda chini. Kitako cha shimo kisiyakaribie maji. Kiwe juu ya maji kwa mita moja na nusu au zaidi, na maji hayo uyapime wakati wa masika, bahari ikiwa imejaa, si wakati wa kiangazi. Ukikutana na ufa wakati wa kuchimba, usishukuru. Simama. Hamisha, au jenga karo lisilovuja. Zile mita 30 ni za udongo. Penye nyufa zisikupe usingizi.

Kisima nacho kiwe na ukuta wa kumfika mtu mzima kiunoni, na sakafu ya saruji kuzunguka ili maji yaliyomwagika yasirudi ndani. Kiwe na mfuniko. Kiwe na ndoo moja na kamba moja, vya kisima, visivyokwenda nyumbani kwa mtu. Hili bibi alinieleza kabla sijalikuta kitabuni.

Maji ya kunywa yachemshe mpaka yatoe mapovu makubwa, yaache yapoe humo humo, kisha yatie katika chombo safi chenye kifuniko. Kama kuni zimekuwa ghali, tumia dawa ya klorini kama ilivyoandikwa kwenye pakiti, na ungoje nusu saa kabla ya kunywa. Watu huniuliza, je, maji ya kisima yaliyoingia chumvi nikiyachemsha chumvi itatoka? Haitoki. Kuchemsha kunaua vijidudu. Chumvi inabaki pale pale, tena inazidi kidogo kwa kuwa maji mengine yamekwenda na mvuke. Mwenye ugonjwa wa presha asiyafanye maji ya namna hiyo kuwa kinywaji chake cha kila siku. Avune ya mvua. Paa la bati, mfereji wa ukingoni na tangi lenye kifuniko vinatosha. Mvua ya kwanza ya msimu iache imwagike, imeosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Mtoto akiharisha, usingoje kutwa. Mpe maji ya dawa ya pakiti ya kituo cha afya, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Kama huna pakiti, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Onja. Yasiwe na chumvi kuliko machozi. Mpe kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika kumi, uendelee. Anayenyonya aendelee kunyonya. Kituoni atapewa pia vidonge vya madini ya zinki, naye avinywe siku zote alizoandikiwa hata kama ameacha kuharisha. Ukiona macho yamezama, hanywi, analegea, au kuna damu katika choo, mpeleke mara moja, na njiani uendelee kumnywesha.

MAJI NA WAGENI

Liko jambo jingine ambalo halikuwako enzi za Watu Wanne. Mwaka 1989 kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani, na wanawake wengi wakapata fedha mkononi mwao kwa mara ya kwanza. Baadaye zikaja hoteli. Nazo zimeleta kazi, sisemi hazikuleta. Lakini mgeni anaoga mara mbili au tatu, bustani inamwagiwa, bwawa la kuogelea linajazwa. Mwaka 2001 mtaalamu Stefan Gössling aliandika kwamba katika hoteli za pwani ya mashariki ya Unguja mgeni mmoja alitumia wastani wa lita 685 za maji kwa siku. Hizo ni ndoo 34 za lita ishirini. Mtu gani wa kijijini anatumia ndoo 34?

Rudi kwenye bilauri yako ya mafuta. Maji matamu chini yetu ni tabaka tu. Wataalamu wanasema kwamba kwa kila futi moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko futi 40 hivi chini yake. Ndiyo kusema ukivuta kwa pampu yenye nguvu ukashusha ile futi moja ya juu, maji ya chumvi nayo yatapanda kutoka chini, futi 40. Kisima kikishaingia chumvi hakitengenezeki kwa siku moja. Kinangoja mvua za miaka.

Mifereji ipo siku hizi, na inasimamiwa na Mamlaka ya Maji Zanzibar iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2006. Hata hivyo maji ya mfereji nayo yanatoka chini ya jiwe hili hili la kisiwa. Ndiyo maana katika mikutano ya shehia mimi nimekuwa mtu wa kuchosha. Mtu akiomba kujenga, iwe nyumba ya makuti au hoteli, nauliza mambo mawili: maji atayatoa wapi, na uchafu atauweka wapi? Wengine hunung'unika kwamba mganga ameacha sindano amekuwa fundi wa majengo. Wanung'unike. Sindano nitaichoma baadaye kama jambo hili hatulisemi sasa.

Kile kisima cha hatua 50 bado kipo. Kimewekewa mfuniko, na maji yake watu wanayatumia kufulia na kumwagia miche. Ya kunywa hawachoti mpaka yapimwe tena na kuonekana safi. Juzi nilipita wakati bahari inajaa, nikafunua nikachungulia. Maji yalikuwa yanapanda ukutani taratibu, jiwe moja, kisha la pili. Bibi alinikuta hapo nimeinama. Akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Nikamwambia, "Hapana bibi, natazama tu."

"Tazama," akasema, "lakini ukimaliza, funika."